Mchanga wa Bondeni

Mwanangu wa kwanza, wa kike, alikufa kwa surua ndiyo kwanza ameanza kutamka maneno. Wanaume wakamchukua wakaenda kumzika kwenye makaburi yaliyo juu ya bonde la Msimbazi. Mimi nikabaki ndani na wanawake wenzangu, kwetu mwanamke haendi kuzika. Baadaye mume wangu alinipeleka akanionyesha: pale, chini ya mwarobaini, upande wa mtoni. Hatukulijengea kaburi. Jiwe tu kichwani.

Wakati ule mto ulikuwa mbali. Kati ya makaburi na maji watu walilima mchicha. Nikitoka Kariakoo kuuza viungo napita pale, nang'oa majani ya kaburini, naenda zangu nyumbani Ilala.

Sikusoma sana, lakini mto nimeutazama. Maji hayaanzi juu. Yanakula chini ya ukingo, pole pole, juu panabaki udongo umeshikwa na mizizi ya majani, kama paa lisilo na nguzo. Unapakanyaga, unaona pazima. Masika ikija, lote linashuka kwa mkupuo. Tena mto ukipinda, huku unakula, ng'ambo ya pili unatapika mchanga, mweupe, safi. Vijana wanauchota wanauza kwa mafundi.

Bustani za mchicha zikaenda. Mume wangu akafa. Masika moja nikaenda makaburini nikakuta mwarobaini umelala mtoni, mizizi juu.

Mwanangu wa kiume akasema, "Mama, tumhamishe dada. Shehe anasema maji yakitishia inaruhusiwa."

"Mtamhamisha yupi?"

"Si unapajua?"

"Napajua kwa mti. Mti uko wapi?"

Mawe ya kichwani yalikuwa mengi, yote sawasawa, mengine yamezama. Aliyemlaza mle kwa mikono yake ni baba yake, na baba yake hayupo wa kuulizwa.

Walikwenda hivyo hivyo, yeye na wenzake, na majembe. Nilisimama barabarani. Wakachimba penye jiwe moja, wakakuta mifupa ya mtu mzima, wakaifukia. Wakachimba pengine, mtu mzima tena. Mwanangu akapanda kuja kwangu, udongo mpaka masikioni.

"Mama, tunawasumbua watu waliolala."

Nikamwambia haya, rudini nyumbani.

Mvua zilizofuata ukingo ukashuka na makaburi yake. Nilipofika palikuwa ukuta wa udongo mbichi, mwekundu, na chini maji ya kahawia yanapita, hayana habari na mtu.

Mwaka huu mwanangu anaongeza chumba uani. Juzi lori likaja likamwaga mchanga. Nikatoka na upawa mkononi.

"Shikamoo, bibi," dereva akasema.

"Marahaba. Mchanga wa wapi huu?"

"Wa hapo bondeni tu, bibi. Ushaoshwa na mto, hata kuchekecha huhitaji. Wa moto huu!"

"Uzoe."

Akacheka. "Bibi mtani wangu nini?"

"Kabila gani wewe uwe mtani wangu? Nimesema uzoe, ondoa uani kwangu."

Mwanangu akatoka amevaa kaptula ya kazi. "Mama, vipi tena? Mchanga si mchanga tu?"

Nilimtazama. Naye akautazama ule mchanga, akautazama tena. Akachukua koleo kwa dereva akaanza kuupakia mwenyewe, taratibu, hataki kuurusha. Dereva akaacha kucheka.

Lakini mchanga ukishamwagwa hauzoleki wote. Mwingine ulibaki, umeshikana na udongo wa uani, karibu na mlango wa jiko. Mimi kila alfajiri nafagia uwanja, tangu niolewe. Kesho yake nilichukua ufagio, nikafagia mpaka nilipofika pale, nikausimamisha ukutani.

Sijapafagia mpaka leo. Wajukuu wakipita nawaambia wazunguke.