Mkono wa Pili wa Rangi

Nyumba ya baba pale Ipagala haikuwahi kupakwa rangi. Ilikuwa na chokaa tu, ile ambayo ukiegemea ukuta unakwenda nayo mgongoni mpaka kanisani. Tangu mama afariki, niliishi humo na baba, sisi wawili tu. Kikao cha ndugu kilichoamua kwamba mimi ndiye nitakayekaa naye kilifanyika sebuleni, mimi nikiwa jikoni nawapikia wali wenye kikao. Asiyekuwepo na lake halipo. Kutoka jikoni nilikuwa nawasikia wanavyocheka, lakini sikuwepo.

Miaka ikapita. Kisha nikapata uhamisho niliokuwa nimeuomba mpaka nikaukatia tamaa: kwenda kufundisha Bukoba, kwenye mvua. Nililia kwa furaha bafuni, bomba nimelifungulia nisisikike. Kaka yangu, aliyejenga Ihumwa, akakubali baba akakae kwake na nyumba yetu ipangishwe.

"Mzee nitamwambia mimi," akasema. "Wewe jiandae tu."

Dalali alikuja kuiona nyumba siku baba yuko kliniki. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama kilivyogeuka cheupe, akaguna. "Dada, nyumba nzuri, lakini kuta hizi mpangaji akiziona anarudia mlangoni. Piga rangi kwanza."

Fundi sikumtaka. Nilitaka kuzipaka mwenyewe, na nadhani ilikuwa hasira. Kuta zile zilikuwa zimenitazama vya kutosha.

Shule ilipofungwa nikaanza, na nikaanza vibaya: nilipaka rangi juu ya chokaa. Kulipokucha ilikuwa imebambuka, inaning'inia vipande vipande. Ikabidi nikwangue kuta zote kwa kisu cha jikoni, kisha nipige msasa, ndipo nirudie mkono wa kwanza. Mkono ndivyo mafundi wanavyoita kila tabaka la rangi, na ukuta haujaisha mpaka upate mkono wa pili. Na Dodoma wakati wa kiangazi upepo hauna adabu. Vumbi lake likikuta rangi mbichi linaingia humo na kukaa kama mwenye nyumba. Kwa hiyo nilipaka madirisha yamefungwa, mlango umerudishwa, kitambaa puani, kichwa kinaniuma kwa ile harufu. Nikawa najiambia kwamba kifungo hiki ni cha siku chache, na baada yake ni Bukoba.

Kila asubuhi baba alileta kiti chake na kuketi nje ya mlango wa chumba nilichomo. Hakuwa anasema kitu. Mimi nikijua kaka amekwisha kumwambia, nikauchukua ukimya ule kuwa ni ghadhabu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nausubiri huo mshindo roho juu. Nikichovya brashi namsikia anakohoa. Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma.

Siku moja mama jirani akapiga hodi.

"Shikamoo mzee. Naona rangi tu humu! Kuna posa mnatuficha?"

Hakuwa na kosa. Mtaani kwetu nyumba haipakwi rangi hivi hivi. Ni posa, au kipaimara, au wageni wa mbali. Nikasimama nyuma ya mlango, nasikiliza.

"Marahaba. Posa hakuna," baba akajibu, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba wa mama. "Binti yangu anatengeneza kwake. Mimi nyumba hii sikuipaka rangi hata siku moja. Mama yao alinisihi mpaka akachoka. Nikawa namwambia, sisi hapa ni wapita njia, nikistaafu tunarudi Mpwapwa. Mpita njia hapaki rangi. Sasa huyu anapaka! Nilikuwa naogopa ataniacha, mama. Sasa nimepumzika."

Nikakaa chini palepale, kwenye magazeti yaliyojaa matone. Nilitaka kufungua dirisha nipate hewa, nikaogopa vumbi. Nikampigia kaka kwa kunong'ona.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia," akasema.

Nikaapa kumwambia mwenyewe jioni ileile. Jioni baba akaniomba aguse ukuta uliokauka. Akaupapasa taratibu, akautazama mkono wake, akanionyesha: safi, hauna chokaa. Akacheka peke yake. "Mama yenu angeniona leo." Nikasema moyoni, basi, kesho.

Kesho yake dalali akaja na mpangaji, bila hata kupiga simu. Nilisikia hodi nikiwa juu ya stuli. Nilipofika sebuleni baba alikuwa amekwisha kuinuka, anawaonyesha kuta kwa fimbo yake.

"Shikamoo mzee," dalali akasema. "Tumekuja kuona nyumba ya kupanga."

"Marahaba. Karibuni muione," baba akasema. "Kaipaka mwenyewe, hakuna fundi. Lakini haipangishwi. Mwanangu anakaa humu."

Dalali akanigeukia. "Dada, si tulikubaliana?"

Baba naye akanigeukia, bado anatabasamu, lile tabasamu la mtu ambaye hajaelewa bado. Maneno niliyohitaji yalikuwa mawili tu: baba, naondoka. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi usiku kucha. Nikamwangalia baba, fimbo bado ameielekeza kwenye ukuta wangu, na woga ukanipanda. Nilijua kabisa ninachokipoteza.

"Umemsikia mzee," nikamwambia dalali.

Wakaondoka. Nikarudi chumbani, nikahakikisha dirisha limefungwa, nikapanda stuli. Nje nikasikia baba anasogeza kiti chake, anakileta karibu zaidi na mlango. Nikachovya brashi, nikaanza mkono wa pili.