Hedifoni yangu ya kushoto haina besi

Kanda ya Ziwa nzima hakuna sikio kama langu, anayebisha abishane na ukuta!
Besi ikipungua kidogo tu, nimeshajua.

Leo nimerudisha hedifoni za masikioni kwa Mama Kulwa, muuza vifaa vya simu hapa Rwamgasa.

"Shikamoo mama. Umeniuzia feki, kushoto haina besi."
"Marahaba. Mpira wake mdogo, sauti inavuja."

Akanibadilishia mipira mikubwa. Kulia besi ikajaa mpaka nikacheka.
Kushoto bado nzi kafungiwa kwenye kopo.

Akaingia kwenye simu yangu, akapandisha besi. Wapi!

Nikamtania mbele ya wateja: "Mama, wewe uza vocha tu."

Akazifuta, akavaa mwenyewe, akaanza kutikisa kichwa.
"Ng'wanawane, mwanangu, zinapiga kote. Hebu geuza."

Nikaweka ya kushoto sikio la kulia.
Ikapiga safi kabisa.

Nikaweka ya kulia sikio la kushoto. Nzi yuleyule.

Miaka miwili naponda mawe ya dhahabu kwenye karasha, nafungulia muziki mpaka mwisho ili nisisikie mashine.
Mnaofanya hivyo pia, semeni hapa chini.

Hedifoni ni nzima, wanangu.
Sikio langu la kushoto ndilo limekufa.