Hatua ya Kumi na Tisa

Shughuli yote ilitugharimu jino moja la mume wangu, chupa ya chai, na miezi miwili ya kununiana. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Nakueleza, mwanangu, ili wewe upate funzo lake kwa bei nafuu.

Nakumbuka vizuri, maana nilikuwa bado kijana, wa miaka sitini na miwili. Mwezi uliopita nimetimiza sitini na mitatu. Mume wangu, Baba Ochen, alikuwa amestaafu upolisi, akateleza bafuni, na tangu hapo akahamia kwenye kiti. Mtu aliyepiga gwaride miaka thelathini alikuwa akiogopa kizingiti. Hakulalamika. Alikaa tu, na kila wiki maneno yake yalipungua. Mimi ni muuza vitenge; duka linalofungwa polepole nalijua.

Hapa Naguru, Kampala, kwenye kiwanja kilicho mbele ya dirisha letu, wazee wenzetu hukutana asubuhi kucheza taichi, yale mazoezi ya Wachina ya kwenda taratibu, kama mtu anayesukuma maji kwa viganja. Anayewaongoza ni Afande Akello, sajini mstaafu. Walisema yanakaza magoti, yanapunguza hofu ya kuanguka, hata uso uliokunjamana unafunguka. Baba Ochen akasema hatacheza mbele za watu. Basi nikaenda mimi, nimnunulie hizo hatua nimpelekee nyumbani.

"Afande, hatua ni ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Nipunguzie. Nipe kumi na mbili, ni za mzee wangu."

Alinitazama kama nimempa noti bandia. "Mama Ochen, hapa si sokoni kwako Nakivubo. Ukikata kitambaa nusu, gauni litamtosha nani?"

Nikaona anaringa. Nilisimama pembeni asubuhi tatu, nikachagua kumi na mbili zilizonipendeza, nikamsimamisha mzee sebuleni. Nikamhimiza, maana wateja walikuwa wananingoja mjini. Kumbe kabla ya kuinua mguu kuna kuhamisha uzito kwenda mguu wa pili, pole pole. Hiyo ndiyo niliyoitupa, kwa kuwa kwa macho yangu ilikuwa haifanyi kitu. Akainua mguu uleule alioegemea. Akaangukia meza. Jino, chupa ya chai.

"Umeniuzia mali mbovu," akasema, akarudi kitini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilirudi kwa Afande bila kutaja bei. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja nihesabu hadi kumi. Nikahesabu upesi, nikamaliza.

"Sasa nahesabu mimi," akasema. Alipofika tatu nilikuwa nimemshika bega.

"Unaona? Yule mzee hakuangushwa na miguu yake, mama. Ulimvisha haraka yako."

Basi, mwanangu, kitenge punguziwa, samaki wa Ggaba punguziwa, lakini mzee usimpunguzie muda. Ukitaka mzazi wako asimame, simama wewe kwanza, mahali anapokuona, kisha ungoje. Mwenda pole hajikwai. Anayesukumwa hata hiyo pole yake ameporwa. Mungu akupe magoti ya kukufikisha uzeeni, na mtu wa kukungoja ukiwa umechelewa.

Nami naomba ushauri. Siku hizi nacheza zote ishirini na nne, chini ya dirisha letu. Wiki iliyopita niliruka moja kwa bahati mbaya. Nilipoingia ndani Baba Ochen akasema, "Umeruka ya kumi na tisa." Hayo ni maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Kesho yake nikairuka kwa makusudi. Akaja hadi dirishani kunikemea. Juzi akafika mlangoni. Jana alitaka kunionyesha inavyochezwa, na nilipogeuka, mguu wake mmoja ulikuwa nje ya kizingiti.

Afande amechoka nami, anasema naharibu safu. Niambie, mwanangu: niendelee kuikosea, au nimwambie mzee ukweli?