Kikasha cha Landrova Nilichokiyeyusha

Nilichokiyeyusha hakikuwa changu, na uongo niliousema baadaye ulikuwa mbaya kuliko moto wenyewe. Naandika bila jina kwa sababu naona aibu. Sina sababu nyingine.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mzito wa kuelewa, ila kukaa mahali pamoja kulinishinda. Nikiona mtu anafungua kitu lazima nijue ndani kuna nini, na nikishajua naondoka. Nimefungua redio, mashine za kusaga, pampu za visima. Maswa nilikaa wiki tatu kwa fundi anayeyeyusha sufuria mbovu na kutengeneza mpya. Nikaona anavyoshindilia mchanga, anavyotoa umbo la kitu, anavyomimina. Nikajiona nimehitimu, nikaenda Bariadi.

Huko nikakutana na Mzee Limbu. Si jina lake, mwenyewe atajijua. Alikuwa dereva wa kinu cha pamba mpaka alipostaafu, na Landrova aliyoiendesha miaka yote akaja kuinunua ilipochakaa. Ilisimama bandani kwake kwa sababu ya kitu kimoja tu: kikasha cha aluminiamu kinachokaa juu ya injini, maji ya rejeta yanapita humo. Kilikuwa kimepasuka pembeni. Madukani hakipatikani, magari ya namna hiyo yamekwisha.

"Wewe ni fundi wa nini hasa?" aliniuliza.

"Wa vyote, mzee."

"Vyote! Basi hata kimoja hujakimaliza." Akacheka. Lakini alikuwa amechoka kutafuta, akanipa kikasha mkononi. "Ng'wana wane, mwanangu, mimi nina presha ya macho. Daktari ameniambia nuru inayoondoka hairudi. Nataka niendeshe hii gari mara moja, mchana, niende Sola nilikozaliwa, niione ile barabara kabla giza halijanikuta. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Hata sikuomba muda wa kufikiri.

Nikakigandamiza kikasha kwenye mchanga, nikapata umbo zuri kabisa. Nikawasha mkaa, nikaweka sufuria moja kuukuu na mifuniko miwili. Vyote vilikuwa vyembamba, karibu nusu ikaungua ikawa takataka. Umbo liko tayari, moto umekolea, aluminiamu haitoshi. Ningeweza kuzima moto nikatafute sufuria nyingine kwa majirani. Nikakiangalia kile kikasha cha zamani pale chini, nikajiambia, hiki kimeshapasuka, kazi yake imekwisha. Nikakitumbukiza.

Kikasha kipya kilitoka kinang'aa. Nilikipeleka kwa mzee kama mtu anayepeleka zawadi.

Hakikukaa. Boliti ya kwanza iliingia, ya pili ikakataa, ya tatu ndiyo kabisa. Nikapanua matundu kwa drili, nikapaka gundi, tukawasha injini. Maji yakatoka kila upande.

Baadaye nilirudi Maswa kumuuliza yule fundi. Hata hakusimama kunisalimia vizuri. "Aluminiamu ikipoa inasinyaa," alisema. "Ndiyo maana mfano tunauchonga mkubwa kidogo kuliko kitu chenyewe. Hilo ni somo la wiki ya nne. Wewe wiki ya nne ulikuwa wapi?"

Ila siku ile pale bandani sikulijua hilo. Mzee alifuta mikono yake polepole, akasema, "Si kitu. Umejaribu. Nirudishie kile cha zamani. Nasikia Mwanza yupo fundi anayechomelea aluminiamu, ule ufa ataufunga."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache: mzee, nimekiyeyusha. Nikasema, "Kimeibiwa. Wanunuzi wa skrepa walipita pale kwangu."

Hakunikasirikia. Alisema, "Basi bado kipo. Kitakuwa kwenye rundo la mtu."

Wiki ile ile nikahama Bariadi. Nikaangukia Lamadi, nikapata kibarua kwenye uwanja wa skrepa, kupanga vyuma. Nikasikia kwa madereva kwamba kuna mzee anazunguka kwenye skrepa zote za Bariadi na Maswa anauliza kikasha cha Landrova. Nikajua ni nani. Sikufanya lolote.

Halafu siku moja, alasiri, akaingia pale kwetu. Alishikwa mkono na binti yake wa mwisho, aliyekuwa masomoni wakati wote ule, hanijui. Mzee hakuwa anaona tena. Alichuchumaa kwenye rundo la aluminiamu, akawa anaokota kipande kimoja kimoja, anahesabu matundu kwa kidole, anatafuta ule ufa, anaweka pembeni. Alitumia muda mrefu sana. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake nikiwa na kipande cha bati mkononi.

Akasikia bati linagonga. Akageuza uso. "Mwadila," alinisalimu.

Kwetu Usukumani mtu mzima akikusalimu unaitikia kwa neno hilo hilo, hata kama mmegombana. Lakini sauti yangu angeitambua. Nikainamia vyuma vyangu.

"Baba, huyu haitikii," binti alisema.

"Atakuwa bubu, maskini," akasema mzee. "Mwache, asisumbuliwe." Wakaondoka.

Nyinyi mnaoshika vitu vya watu, hata kama kitu kimepasuka, hata kama kinaonekana takataka, mrudishieni mwenyewe mkononi kwanza. Na kama umeharibu, sema siku hiyo hiyo, mtu akiwa bado na nguvu ya kukutukana. Mimi ningetukanwa nusu saa yakaisha, na mzee angeacha kutafuta akiwa bado anaona.

Nimeshindwa kwenda kwake. Nimefika stendi mara mbili nikarudi.

Mzee, kama binti yako anakusomea hapa, acha kutafuta. Hakuna aliyekiiba. Kile kipya kibovu nilichokuachia bandani ndicho hicho hicho unachokitafuta, kimo humo pamoja na sufuria yangu. Na yule wa Lamadi hakuwa bubu.

Mwadila, mzee.