Matanga ya Watu wa Ndege Moja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Shangazi yangu wa Louisville husema nimeolewa na sofa, na mjomba wa Columbus huongeza kwamba hata hiyo sofa imenichoka. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania tukaletwa Buffalo, Marekani, wamenialika mara nyingi, nami sikosi sababu: theluji, mgongo, zamu. Hata kazi niliyoipata kwa cheti changu cha sekondari ni ya kukaa ndani. Nilimtunza mzee mmoja Mzungu wa North Buffalo: kumwogesha, kumpikia uji, kukaa naye. Kwenye kukaa sina mpinzani.

Mzee alikuwa anakaribia miaka mia. Ujanani, wakati wa vita kuu, alikuwa akiruka na ndege ya kudondosha mabomu. Walikuwa watu kumi, yeye mkiani, amepiga magoti nyuma ya bunduki, uso umeelekea walikotoka. "Sikuwahi kuona tunakokwenda," aliniambia. Huko juu pumzi iliganda kwenye barakoa. Asubuhi ya safari walipewa mayai halisi, siku nyingine ya unga, na tangu hapo harufu ya yai kwenye kikaango ilimtoa chumbani. Sikumkaangia hata moja.

Kisha siku moja sikio lilimuuma, daktari akamzuia kuruka. Kijana mwingine akapewa nafasi yake. Alasiri mzee alisimama uwanjani na wengine wakihesabu ndege zinazorudi. Yao haikurudi. Kabla ya giza vitanda vya wenzake vilishatandikwa upya, askari wageni wamevilalia. Hakuna aliyempa pole. Alipopona alipangiwa ndege nyingine.

"Nikifa mimi, nao wamekwisha," alisema. "Hakuna mwingine anayewajua."

Jioni, nyumbani kwetu East Side, nikamwambia mama kwamba mzee wangu anawalilia wenzake, watu kumi, walikufa kwenye ndege. Mama hakuuliza ni lini. Kwetu hilo halitangulii. Unauliza kwanza msiba uko wapi. Akachukua simu, akatuma sauti kwa ukoo mzima.

Jumamosi mchana, nikiwa kwa mzee, nikasikia milango ya magari. Mama na wenzake wa kanisani walikuwa na sufuria za wali na maharage. Nyuma yao shangazi, aliyetoka Louisville usiku bado na kumpitia mjomba Columbus.

"Hawa ni nani?" mzee akaniuliza.

"Ndugu zangu. Wamekuja kukupa pole ya wenzako."

Akazitazama sufuria. "Waingie," akasema.

Shangazi alimkumbatia, akaketi chini kwenye zulia. "Baba, pole sana. Walifariki lini?"

Nikatafsiri, nikatafsiri na jibu: miaka themanini iliyopita.

Mjomba akanigeukia. "Yaani tumeendesha gari asubuhi nzima kwa msiba wa miaka themanini? Wewe mtu wa sofa, safari hii umetuweza."

"Nyamaza," shangazi akamwambia. "Muulize kama walishaliliwa."

Nikauliza. Mzee akatikisa kichwa.

"Basi msiba ni mbichi. Sahani ziko wapi?"

Kwetu mfiwa husimulia alivyoishi marehemu na alivyoondoka, na hakuna anayemkatiza. Mzee akasimulia, mmoja mmoja, mimi nikitafsiri. Rubani aliyeimba vibaya. Fundi wa redio aliyechora kuku mwenye miwani kwenye pua ya ndege. Mwingine aliyemwandikia mchumba kila siku na hakujibiwa. Mama alilia waziwazi. Baba yangu alifia njiani tukikimbia, tukamwacha bila matanga, na nadhani siku ile mama alikuwa na watu kumi na mmoja.

Alipofika kwa kijana wa mkiani, mzee akaweka sahani chini.

"Huyu simjui," akasema. "Alikufa mahali pangu, na jina lake sikuwahi kuliuliza."

Mama akajifuta uso. "Kambini tulizika wengi hivyo. Mwambie sisi husema mtoto wa watu."

Mzee akalirudia kwa Kiswahili, kwa taabu, kisha akafunika macho. Shangazi akamshika mguu, akakaa hivyo hadi chai ikaletwa.

Mzee alifariki kabla theluji haijayeyuka. Mazikoni askari wawili walikunja bendera ya jeneza, wakampa mpwa wake, mchungaji akaomba kidogo, tukaelekezwa kwenye kahawa.

"Na wale wenzake?" mama akaninong'oneza. "Mbona hawatajwi?"

Nikasimama, mimi ambaye hata siku ya mkutano wa ukoo huwa naugua. Nikawataja wote, kwa Kiingereza changu cha kuokota, hadi yule asiye na jina. Walinisikiliza kwa adabu.

Mpwa akanifuata mlangoni, bendera kifuani. Alikuwa mama mtu mzima.

"Nimemtembelea kila Krismasi maisha yangu yote," akasema. "Hakuwahi kuniambia hata neno juu yao. Kwa nini akawaambia ninyi?"

Jibu nilikuwa nalo: tuliuliza, tukakaa chini. Nikalimeza, nikamwambia pole, naye akabaki amenishika mkono, akisubiri nimwambie zaidi.