Mabakuli ya Watu

Mimi ni mtu wa mpango, na sioni aibu kusema hivyo. Kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke ninakofanya kazi, asiye na mpango huchomwa na mvuke. Kila valvu ina kibati chake chenye namba, na ukigusa usichoambiwa uguse, shauri yako. Kwa hivyo mama yangu alipoanza kutibiwa kansa, niliomba likizo ndefu, nikapanda nyumbani kwake Kuresoi na begi moja, selotepu na kalamu ya marka. Nilijiambia, huyu mgonjwa atapangwa mpaka apone.

Na nilipanga kweli. Dawa za asubuhi zikaingia kwenye kopo la majani chai, za jioni kwenye kopo la kakao. Karatasi za hospitali nilizitia zote kwenye bahasha moja, nikaitundika kwenye msumari mlangoni, ili siku ya kuteremka Nakuru tusianze kuinua magodoro tukizitafuta. Shali, sweta nzito na ndoo ndogo ya kutapikia njiani zikapata kona yao. Mama alikuwa akinitazama tu kutoka kitandani.

"Umenifanya stoo," akasema.

Kilichonishinda ni kula. Daktari alituambia waziwazi kwamba damu na uzito vikishuka zaidi, dawa inayofuata itaahirishwa. Sasa dawa ikiahirishwa, ugonjwa nao utangoja? Mama alikuwa anameza vijiko viwili vya uji, kisha anageukia ukuta. Nikimuuliza mwaka huu tupande nini shambani, ananijibu, "Mtaona wenyewe." Hilo neno lilinikata maini. Niliogopa sana, na kwa vile sijui kuogopa kimyakimya, nilishinda jikoni nikigombana na sufuria.

Halafu wakaja akina mama wa kanisa. Mungu awabariki, lakini walikuja na vyombo! Hotipoti ya mukimo ya viazi na mahindi, bakuli la supu ya kuku, thamosi ya uji wa wimbi, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, ambayo daktari alikuwa ameyakataza kabisa. Mama alikuwa akionja kidogo na kusukuma sahani. Unafikiri chakula chote hicho kililiwa na nani? Mama anakonda, mimi suruali zinanibana.

Lakini mpango ni mpango. Kila chombo nilikibandika selotepu na kuandika mwenyewe: jirani wa juu, mke wa mchungaji, yule wa miwani. Nikajiona fundi. Vilipojaa meza nzima, nikachemsha maji, nikamwaga sabuni na kuvitumbukiza vyote kwa mpigo. Kugeuka, selotepu zote zimebanduka, majina ya watu yanaelea kwenye povu.

Nilikisia tu. Nikabeba vyombo kwenye toroli, nikazunguka kilima kizima nikimpa kila mtu nilichodhani ni chake. Walipokea kwa adabu, wakasema asante, wakauliza habari ya mgonjwa. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

"Nimerudisha vyombo vyote, mama. Vinang'aa."

"Uliweka nini ndani?"

"Ndani ya nini?"

Akajiinua kwa viwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya peke yake kwa siku nyingi. "Umewarudishia watu mabakuli matupu?"

"Lakini niliyaosha!"

"Woi! Umenizika nikiwa hai! Si watasema kwangu hakuna mtu tena, hata wa kuchuma sukuma wiki? Lete gambuti zangu za shambani."

"Mama, daktari alisema upumzike."

"Daktari ndiye alikula mukimo ya watu? Lete gambuti!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilileta. Nikamshika mkono tukaenda polepole hadi nyuma ya jikoni, nikamwekea kiti kando ya sukuma. Akaanza kuniamuru. Vunja ile, hii iache ikomae, chimba viazi pale mwisho, hapana, si hapo, kwani una macho ya nini? Nilichimba huku nikinung'unika, lakini rohoni nilikuwa nafurahi, kwa sababu sauti hiyo ya kunikaripia sikuwa nimeisikia tangu augue.

Nilizunguka tena na toroli, safari hii na viazi, sukuma na maneno ya kuomba radhi. Kumbe bakuli la mke wa mchungaji nilikuwa nimempa yule wa miwani, na jirani wa juu alikuwa amepewa hotipoti ambayo hakuwahi kuiota. Walicheka mpaka wakashika ukuta. Niliporudi, mama alikuwa bado ameketi pale kwenye jua.

"Nasikia njaa," akasema.

Nilimchemshia viazi, akavila na chumvi, akamaliza, akaomba kingine. Niligeukia jiko nikalia. Nililia kabisa, wala si moshi.

Tangu siku hiyo mpango ukawa wa mabakuli. Kila chombo kilichoingia, mama aliamka kwenda kuchagua kitakachorudi nacho, na akitoka shambani alikuwa anakula. Si kila siku. Siku za baada ya dawa zilikuwa mbaya, hata maji yalimkataa. Lakini tuliporudi Nakuru, nesi alimpandisha kwenye mizani akasema uzito umepanda kidogo, tunaendelea na dawa.

"Ni viatu," mama akasema.

"Viatu umevua, mama."

"Basi ni viazi."

Likizo yangu iliisha kabla matibabu hayajaisha, dada yangu akaja kushika zamu. Asubuhi ya kuondoka, mama alitoka nje kwa miguu yake akiwa amebeba bakuli lake la kijani, lenye mfuniko, limejaa kuku na viazi. Juu ya mfuniko alikuwa amebandika selotepu yangu, akaandika kwa herufi kubwa za mtoto wa shule: MAMA.

"Itabanduka nikiosha," nikamwambia.

"Ibanduke. Kwani hujui ni la nani?" Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Na usilirudishe tupu. Usikae nalo sana pia, nitalitaka mvua ikianza. Ndilo la kubebea mbegu zangu za maharagwe."