Jiko la Mama na Msimu wa Kodi

Enzi zetu, sisi tuliovaa sare ya shule yenye viraka viwili nyuma na bado tukajiona tumependeza, nyumba ya bati ilikuwa sifa kijijini na adhabu ndani. Yetu ilikuwa karibu na ziwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Musoma mjini. Saa saba mchana huingii humo bila kulowa jasho. Usiku tuliburuta mikeka, tukalala barazani na mbu wetu, huku wenzetu wa nyumba za nyasi wakikoroma ndani kwenye ubaridi. Lakini nani angekubali kurudi kwenye nyasi? Baba alikuwa amelima pamba misimu mitatu kupata yale mabati.

Wa rika langu mnaukumbuka msimu wa kodi ya maendeleo. Vijana wa leo ukiwasimulia wanadhani unatunga. Kila mwanaume mtu mzima alidaiwa kodi ya kichwa chake, na asiyekuwa nayo alikimbia. Wengine walijificha kwenye mapango ya yale mawe makubwa ya kwetu, wakipelekewa ugali na watoto. Baba yangu yeye alikuwa mtu wa kukimbilia kisiwa cha Rukuba. Akisikia mgambo wanakaribia kuanza msako, alifunga nguo mbili kwenye mfuko wa salfeti, akapanda mtumbwi hadi kisiwani, akavua dagaa na wavuvi wa kambini huko miezi miwili, mitatu. Mwaka mmoja aliporudi, mdogo wangu Nyabise, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, alimwona mlangoni akapiga yowe na kujificha nyuma ya mama. Alidhani ni mgambo. Baba alicheka, nasi tukacheka, lakini mama hakucheka. Alichukua ndoo akaenda ziwani kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Mwaka uliofuata serikali ya kijiji ikaja na jambo jipya. Miti ilikuwa inakwisha, na watoto wa nyumba za bati walikuwa wanaugua malaria kwa kulala nje. Ikatangazwa mkutanoni kwamba kaya itakayojenga jiko banifu, lile la udongo linalokula kuni chache, na kuweka dari chini ya bati, itasamehewa nusu ya kodi. Nusu nyingine ingelipwa pamba ikishauzwa. Sharti lilikuwa moja: Bwana Maendeleo wa kata aje aone kwa macho yake, aweke tiki mbili kwenye fomu na kutia sahihi. Wanaume waliguna. Mama alirudi nyumbani akiwa ameshakata shauri.

“Baba Bwire,” alimwambia baba, akimwita kwa jina la kaka yetu mkubwa, “mwaka huu hakuna mtu kwenda Rukuba.”

Basi kazi ikaanza. Tulikata matete ziwani maji yakitufika kiunoni, Bwire akipiga kelele kila mara kwamba ameona mamba ili atuone tunavyokimbia. Mamba hakuwepo hata siku moja, ila ruba walikuwepo wa kutosha. Tuliyaanika yale matete, tukayasuka kwa kamba za katani, baba akayapigilia chini ya bati. Usiku wa kwanza tulilala ndani, wote sita, na hakuna aliyeamka kutafuta upepo. Mpaka leo nikipata harufu ya matete makavu nasinzia.

Mama naye alikwenda Guta kwa dada yake aliyeolewa huko, akajifunza jiko. Alirudi na vipimo vyote kwenye uzi wenye mafundo, maana daftari hakuliamini. Alikanda udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, akajenga, akasugua kwa jiwe laini la ziwani, kisha akalisiliba kwa udongo mweupe. Lilikuwa na matundu mawili ya sufuria na mlango mdogo wa kuni. Majirani walikuja kulitazama. Nasema bila kujisifu sana kwamba halikuwepo jiko kama lile kijiji kizima.

Hapo ndipo tulipokosea. Jiko zuri namna ile lingepikiwaje kabla mkubwa hajaliona? Kwetu kitu kizuri ni cha mgeni, kiwe kikombe, shuka au kiti. Mama akapanga vikombe vya wageni kwenye yale matundu mawili, akatandika kitambaa cha kufuma juu yake, na akaapa kwamba atakayeligusa atakiona. Ugali ukaendelea kupikwa nyuma ya nyumba kwenye mafiga matatu.

Bwana Maendeleo alifika siku ya mwisho ya ukaguzi, kwa baiskeli, jua la mchana likiwa limemkausha koo. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mama alifunua kitambaa kwa madaha na kuondoa kikombe kimoja. Mgeni aliinama, akapitisha kidole ndani ya tundu, akakitazama. Kilikuwa safi kama alivyokiingiza.

“Mama, hapa mnapikiaga kweli?”

Nyuma ya nyumba maharage yalikuwa yanachemka kwenye mafiga, na moshi wake ulitupita hapo hapo puani.

“Tulikuwa tunakusubiri wewe kwanza,” akasema mama taratibu.

“Mimi nakaguaga jiko, sikaguagi pambo. Fomu inataka jiko linalotumika. Hili inabidi niandike halitumiki.”

Kesho yake alikuwa anaelekea vijiji vya upande wa Butiama, na mgambo walikuwa wanaanza Jumatatu. Baba, aliyekaa kizingitini muda wote, alinyoosha mkono akavuta mfuko wake wa salfeti. Kumbe alikuwa ameshaufunga tangu asubuhi. Mtumbwi wa Rukuba uliondokaga alasiri. Nilikuwa darasa la tano, msichana mkubwa, na nilitamani kulia kwa sauti.

“Bwana Maendeleo,” mama akauliza, “umeshakula?”

“Bado.”

“Basi kaa. Utakula cha jiko hili hili. Na wewe Baba Bwire, weka huo mfuko chini. Hakuna anayeondokaga kwangu na njaa.”

Vikombe vikashushwa mbio. Mama akachukua kuni tatu, akamwonyesha mgeni, akazisukuma mlangoni mwa jiko. Bwire akamtandikia mkeka ndani apumzike. Jiko lilianza kwa moshi mzito, tukakohoa, macho yakatuwasha, mama akipuliza na kulibembeleza kama mtoto. Kisha moto ukashika. Tulipogeuka kumwambia mgeni, alikuwa amelala chali chini ya matete, fomu kifuani, anakoroma.

“Msimwamshe,” mama akanong'ona. “Huyo anakagua dari.”

Aliamka ugali wa muhogo ukiwa mezani na sato wa kuchemsha pembeni. Akatazama juu, akajicheka mwenyewe, akaweka tiki ya kwanza. Alikula akamaliza, akanawa, akarudi jikoni. Kuni moja ilikuwa imebaki nusu. Akapitisha tena kidole kwenye tundu, kikatoka cheusi, na tiki ya pili aliiweka bila kukifuta.

Jumatatu mgambo walipopita, baba alitoka na fomu mkononi, shati limenyooshwa. Waliisoma, wakamrudishia, wakaenda zao. Jioni alikaa mbele ya nyumba, mahali anapoonekana na kila mpita njia, akimmenyea Nyabise kiazi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Leo mwanangu ana nyumba Iringo, pale Musoma mjini. Dari nyeupe, kiyoyozi, madirisha yamefungwa wakati upepo wa ziwa uko hapo nje bure. Juzi alijiandikisha apate jiko la umeme la ruzuku. Kazi yote ilikuwa kupiga picha jikoni na kuituma kwa simu, na bado alinung'unika wiki nzima kwamba mtandao unazunguka. Nikamsimulia habari ya jiko la bibi yake. Alicheka sana, kisha akaniuliza, “Sasa mama, mateso yote hayo kwa ajili ya kusamehewa nusu tu?”

“Nusu tulikuwa hata hatuifikirii, mwanangu,” nikamwambia. “Tulikuwa tunamtaka babu yako.”